Kusoma ramani za zamani za bonde la Lukuledi pembezoni mwa Lindi: mwongozo kamili

Viwanja vya bondeni huuzwa kiangazi. Mwezi wa Agosti ardhi ya upande wa Mingoyo na Mnazi Mmoja imekauka, nyasi zimekatwa, bikoni zimepakwa rangi nyeupe, na mto ukiuuliza unaonyeshwa kwa kidole, "ule kule, mbali." Mnunuzi ametoka Mtwara mjini au Dar es Salaam, hana wa kumwuliza ila dalali. Mvua za Machi humkuta ameshamwaga msingi.

Mambo mengi ambayo dalali hayasemi yalichorwa zamani. Bonde la chini la Lukuledi limepimwa na Wajerumani, likapimwa na Waingereza, likapigwa picha za ndege na baadaye za setilaiti. Ukizipanga karatasi hizo moja juu ya nyingine utaona mto ulipopita, ulipohama, na ardhi ambayo hakuna aliyethubutu kujenga. Mwongozo huu ni wa mnunuzi, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu wa jiografia, au kijana mwenye kompyuta anayetaka kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Kanuni yangu naiweka mapema. Ramani ya zamani iamini kwa umbo la ardhi na maji. Kwa majina na nyumba, isikilize lakini ihakiki. Kwa mipaka ya umiliki usiitumie kabisa: hiyo kazi ni ya ramani ya upimaji wa viwanja, karatasi nyingine yenye sheria zake.

Hatua ya 1: Chagua kipande cha bonde

Usianze na mto mzima. Lukuledi unatoka bara, unapita kati ya uwanda wa Makonde upande wa kusini na ule wa Rondo upande wa kaskazini, kisha unamwaga maji kwenye mkono wa bahari ulioingia ndani ya ghuba ya Lindi. Sehemu ya juu na sehemu hii ya chini zina tabia mbili tofauti. Huku chini mto unapambana na bahari. Wakati wa bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mvua kubwa ya bara ikifika siku ya bamvua, mto hukosa pa kutokea na maji husambaa kando. Chagua kilomita chache tu, tuseme kutoka Mnazi Mmoja kuelekea kwenye mikoko, na andika swali lako kwa sentensi moja. "Mto ulikuwa wapi kabla ya reli?" (ile ya zamani, tutaikuta Hatua ya 7) ni swali zuri. "Nataka kujua historia ya bonde" si swali.

Hatua ya 2: Kusanya ramani kwa tabaka za miaka

Tabaka la kwanza ni la Wajerumani. Ramani yao kubwa ya Afrika Mashariki, yenye skeli ya 1:300,000, ilianzishwa na Richard Kiepert miaka ya 1890, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, na ikachapwa Berlin na Dietrich Reimer. Maktaba ya taifa ya Berlin, Staatsbibliothek, inazo karatasi zake. Ukitafuta, tumia tahajia yao: "Massassi" kwa Masasi, "Kilwa-Kiwindje" kwa Kilwa Kivinje, "tsch" palipo na "ch". Ukiandika Mchinga kwa tahajia ya leo usishangae kutopata kitu.

Tabaka la pili ndilo lenye nyama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza iliunda mwaka 1946 idara ya kupima makoloni yake, ikiongozwa na Martin Hotine. Mwaka 1957 ikabadilishwa jina kuwa Directorate of Overseas Surveys. Idara hiyo, pamoja na wapimaji wa hapa, ndiyo iliyotoa ramani za 1:50,000 za mfululizo wa Y742, ambazo hadi leo ndizo wengi wanazoziita "ramani za topografia". Nakala huulizwa Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa, Upanga, ni pa kwenda ukitaka matoleo ya zamani. Nenda na barua ya utambulisho hata kama hujaambiwa uilete, itakuokolea siku.

Hapa Lindi ina usumbufu wake. Kila karatasi ya 1:50,000 inachukua dakika 15 za latitudo na 15 za longitudo, yaani kama kilomita 27 kila upande. Mstari wa nyuzi 10 kusini unapita karibu kabisa na mji wa Lindi, na ule wa nyuzi 39 dakika 45 mashariki unapita jirani upande wa bahari. Kwa maneno mengine mji umekaa kwenye pembe ambapo karatasi nne zinakutana. Mjini kuko kwenye karatasi moja, Mingoyo kwenye nyingine ya kusini. Ukiomba "ramani ya Lindi" utapewa moja na kurudi nyumbani bila bonde. Omba zote nne, au taja latitudo na longitudo za kipande chako.

Tabaka la tatu ni picha. Picha za ndege za idara ile ya Uingereza zimehifadhiwa Edinburgh, kwenye National Collection of Aerial Photography. Picha za setilaiti za kijasusi za Marekani, Corona, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972, zinapatikana kwenye tovuti ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, iitwayo EarthExplorer. Zilizokwisha kuskaniwa ni bure, nyingine hulipiwa. Picha za setilaiti za Landsat za miaka ya 1970 ziko bure zote, lakini pikseli zake (nukta zinazounda picha) ni kubwa mno kwa mto wa ukubwa wa Lukuledi. Utaona mikoko na mashamba makubwa, mkondo wenyewe hutauona. Kwa hali ya leo tosheka na picha za setilaiti ya Sentinel-2, ambayo pikseli yake ni mita 10.

Hatua ya 3: Soma pambizo kabla ya ramani

Watu huruka hatua hii, na ndiko makosa yanakozaliwa. Mwaka uliochapwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni mwaka wa kuchapa tu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, utakuta mwaka picha za ndege zilipopigwa na mwaka wapimaji walipokwenda kuhakiki uwanjani. Kati ya miaka hiyo na kuchapwa inaweza kupita miaka mingi. Mto uliochorwa ni wa mwaka wa picha. Majina ni ya mwaka wa kuhakiki. Yaandike yote mawili kwenye daftari lako, na uipe ramani mwaka wa picha, si wa kuchapa.

Angalia pia kama kontua (mistari ya kimo) ni za futi au za mita, na gridi (mistari ya kodineti) ni ipi. Ukiona maneno "New (1960) Arc" na "Clarke 1880", umepata mfumo unaojulikana leo kama Arc 1960, na kwa Lindi na Mtwara ukanda wake ni wa 37 kusini wa UTM, gridi ya dunia inayohesabiwa kwa mita. Baadhi ya matoleo ya mwanzo yana gridi ya zamani ya Afrika Mashariki. Hayo yashughulikie kama ramani ya Kijerumani, kwa alama za ardhini.

Skeli nayo ipige hesabu mapema ili ujue unaweza kuuliza nini. Kwenye 1:50,000 milimita 1 ni mita 50 ardhini. Kwenye 1:300,000 milimita hiyo hiyo ni mita 300. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni milimita 1.2 kwenye ramani ya Kiingereza. Kwenye ya Kijerumani ni nyembamba kuliko wino wa mto wenyewe. Kwa hiyo anayekuonyesha ramani ya 1:300,000 kuthibitisha kwamba kiwanja kiko nje ya mita 60 anakuchezea.

Hatua ya 4: Iskani vizuri

Skana ya bapa, nukta 300 kwa inchi, ndiyo nzuri. Kwa kiwango hicho pikseli moja ya ramani ya 1:50,000 ni kama mita 4 ardhini, na inatosha. Kama duka la kuchapa michoro mjini lina skana pana, lipa hapo. Ukilazimika kupiga picha kwa simu, ibandike ramani ukutani, simama mbali kidogo, ivute karibu kwa kamera, na piga vipande vinavyopishana; kamera ya karibu hupinda pembe. Usiikunje upya karatasi ya maktaba.

Hatua ya 5: Iweke ramani mahali pake duniani

Programu ya bure ya ramani, QGIS, inatosha. Ndani yake kuna chombo kinachoitwa Georeferencer. Matoleo mapya yamekiweka kwenye menyu ya Layer, ya zamani kwenye Raster. Fungua skani humo.

Kwa ramani ya 1:50,000 yenye gridi ya UTM usihangaike na barabara wala madaraja. Bonyeza makutano ya mistari ya gridi na uandike namba zilizochapwa pembeni. Chukua pembe nne, kisha katikati ya kila upande, na katikati ya karatasi. Mfumo wa kodineti uchague wenye namba EPSG:21037, ambao ndio Arc 1960 ukanda wa 37 kusini. Mageuzi, yaani namna ya kuigeuza skani ikae mahali pake, yawe Polynomial 1.

Wengi huchagua EPSG:32737, ule wa WGS 84 ambao simu na GPS hutumia, kwa sababu unaonekana kwenye kila video ya mafunzo. Ukifanya hivyo ramani yako itakaa karibu mita 300 kaskazini ya mahali pake, na kama mita 100 magharibi. Bondeni mita 300 ni kila kitu: nyumba iliyo kwenye tope itaonekana imekaa kilimani. Ondoa wasiwasi kwa kipimo rahisi. Tafuta kilele cha kilima au makutano ya barabara ambayo hayajahama, linganisha na picha ya setilaiti ya leo. Ikiwa tofauti ni makumi ya mita, uko sawa. Ikiwa ni mamia, na yote yameelekea upande mmoja, umechanganya mifumo.

Ramani ya Kijerumani ni shughuli nyingine. Gridi yake haitakusaidia kwa usahihi unaoutaka, kwa hiyo tafuta vitu vilivyopo pande zote mbili: rasi ya pwani, boma, misheni ya zamani, kilele chenye jina. Pinde za mto usizitumie kamwe kama alama. Ndizo unazozichunguza, ukizifunga kwa misumari umeshajijibu kabla ya kuuliza. Vilevile jiepushe na mageuzi ya Thin Plate Spline. Hupendeza kwa sababu huonyesha kosa sifuri kwenye kila alama uliyoweka, lakini sifuri hiyo imelazimishwa, na kati ya alama ramani hupindika kama mkeka uliovutwa pembe. Bora Polynomial 1 yenye kosa la mita mia kadhaa unalolijua.

Hatua ya 6: Soma maji

Anza na alichojua mchoraji. Ramani ya Kijerumani ilijengwa kwa safari: maofisa na wasafiri walitembea njiani na dira na saa, wakiandika kila zamu. Kwa hiyo mto mahali njia inapouvuka ni ushahidi mzuri. Mto kati ya njia mbili mara nyingi ni makisio, hata kama mstari wake umenyooka kwa kujiamini. Tafuta vivuko, weka alama, na acha hayo mengine.

Kwenye ramani ya Kiingereza mambo ni tajiri zaidi, ingawa hayako kwenye kontua. Sakafu ya bonde ni tambarare. Kontua ya kwanza inaweza kuwa miguuni pa kilima, na kati ya hiyo na ya ng'ambo hakuna mstari hata mmoja. Mgeni huona uwazi huo akadhani ni ardhi tupu nzuri ya kujenga. Wewe angalia vitu vinne.

Kwanza, alama za majani mafupi ya buluu: ardhi yenye maji. Mpaka wake ufuatilie kwa penseli ya kidijitali, tabaka moja kwa kila mwaka.

Pili, njia za miguu. Mtu anayetembea kila siku hajipendezi kuzunguka. Njia ikipita pembeni mwa bonde, ikajipinda miguuni pa kilima badala ya kukata moja kwa moja, kuna sababu, na sababu hiyo ni tope. Mahali njia zote zinapokusanyika kuvuka mto, hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mimi njia za miguu huziamini kuliko kontua.

Tatu, nyumba. Nukta nyeusi za nyumba zilizojipanga kwenye mstari mmoja juu ya sakafu ya bonde hukuonyesha kimo ambacho wenyeji wa wakati huo walikiona salama. Chora mstari unaopita chini ya nyumba za chini kabisa. Kisha uweke juu ya picha ya leo uhesabu mapaa yaliyoteremka chini yake.

Nne, mikondo iliyokufa. Ziwa dogo lenye umbo la mwezi mchanga, au mstari wa vidimbwi uliopinda kando ya mto, ni njia ya zamani ya maji. Kwenye picha za ndege huonekana kama ukanda mweusi zaidi, hasa zilizopigwa mwanzoni mwa kiangazi. Ukipata jozi ya picha zinazopishana, ziangalie kwa miwani ya stirioskopu: ukanda huo utazama mbele ya macho yako.

Karibu na bahari usichanganye mikoko, mabwawa ya chumvi na mashamba ya mpunga. Yote huonekana kama maji yenye kingo. Mabwawa ya chumvi yana pembe za mraba. Mikoko hufuata vijito vinavyojikunja. Mpunga una matuta ya ovyo ovyo.

Hatua ya 7: Tafuta alichofanya binadamu

Bonde hili lina kumbukumbu moja kubwa isiyofutika kirahisi. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulijenga reli kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, kwenda Nachingwea; baadaye njia ikafikishwa bandari mpya ya Mtwara. Mwaka 1962 reli ikafungwa na vyuma vikaondolewa. Ramani ya miaka ya 1950 inaonyesha reli. Ya baadaye inaonyesha tuta, au njia ya gari iliyonyooka kupita kiasi.

Tuta hilo lifuatilie kwa makini. Ni alama nzuri ya kuhakikishia kwamba ramani zako zimekaa mahali pamoja, lakini pia ni ukuta. Tuta la udongo lililokatiza bonde huzuia maji upande wa juu na kuyalazimisha yapite kwenye kalvati, yaani mabomba ya chini ya tuta. Kalvati zikizibwa, ardhi iliyokuwa kavu kwenye ramani ya kabla ya reli hugeuka bwawa. Barabara za lami zilizoinuliwa zina tabia hiyo hiyo. Ndiyo maana ramani ya kabla ya ujenzi peke yake haitoshi kusema kiwanja ni salama leo. Inakuambia maji yalipenda wapi, kisha unauliza nani ameyazibia njia.

Halafu kuna vijiji. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji ilihamisha watu wengi kusini. Jina lililoandikwa kwenye ramani ya miaka ya 1960 huenda leo liko kilomita kadhaa kutoka pale, kando ya barabara, na mahali pa zamani pamebaki miembe na minazi. Usiandike "kijiji kilisombwa na maji" kwa sababu tu hukioni tena.

Hatua ya 8: Shuka bondeni, uulize

Hamishia tabaka zako kwenye simu kwa programu ya QField, inafanya kazi bila mtandao. Nenda mara mbili: Machi, mvua ikiwa imekolea, na Agosti. Machi utaona maji, Agosti utaona alama za maji kwenye kuta na magome ya miti.

Anza kwa serikali ya mtaa, jitambulishe, omba mtu wa kukusindikiza. Ukitembea mashambani peke yako na simu ukipiga picha bikoni, watu watadhani umetumwa kuwanyang'anya ardhi, na watakuwa na haki ya kudhani hivyo.

Kwa wazee usifungue ramani kwanza. "Shikamoo mzee," kaa, pokea maji ya kunywa, halafu uliza maji yalifikaga wapi. Miaka usiiulize kwa namba. Uliza kabla au baada ya reli kung'olewa, kabla au baada ya kuhamia vijijini, wakati wa Vita vya Kagera, wakati wa mvua za Elinino za 1997 na 1998. Wachache sana watakuwa na habari za kimbunga cha Aprili 1952, lakini wapo waliosimuliwa na wazazi wao. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kila mtu anakikumbuka. Akikuambia "yalifika kwenye ule mwembe," usitikise kichwa tu: mwombe akupeleke, simama chini ya mwembe, weka nukta kwenye simu. Uliza na akina bibi wanaolima mpunga. Wao ndio wanaojua ni jaruba gani hujaa kwanza.

Hatua ya 9: Andika na upeleke

Kila tabaka lipe jina lenye mwaka wa picha, skeli na kosa lake. Jina kama "mkondo_1950000_kosa_m20" halitamsaidia mtu, lakini "mkondo, picha za mwaka fulani, 1:50,000, kosa mita 20" litaeleweka na mtu asiyekujua. Tenganisha rangi: kinachotoka kwenye ramani, kinachotoka kwa wazee, na makisio yako. Usivichanganye kwenye mstari mmoja hata kama vinakubaliana.

Ukiwa mnunuzi, chapa ukurasa mmoja unaoonyesha kiwanja juu ya tabaka zote na uende nao ofisi ya ardhi ya manispaa kabla ya kulipa, ukaulize kama eneo limo kwenye mchoro wa mipango miji na limetengwa kwa matumizi gani. Kuhusu mto wenyewe, ukingo wake na vibali vya maji, wenye mamlaka ni Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi yao iko Mtwara. Nakala nyingine iachie serikali ya mtaa pamoja na skani, kwenye flashi, maana mnunuzi wa mwakani naye atakuja mwezi wa Agosti.